Kununua vifaa vya umeme dukani kama huoni: kwanza nipe nishike

Kila nikisema naenda dukani kutafuta simu au spika au sijui maikrowevu, lazima kuna mtu ataniuliza kwa nini nijisumbue wakati naweza kuagiza mtandaoni nikaletewa mpaka mlangoni. Swali halali kabisa, na wengi wetu tusioona ndo tunavyofanya siku hizi maana mtandaoni kisoma skrini, ile programu inayosema kwa sauti kilichoandikwa kwenye simu au kompyuta, kinakusomea kila kitu taratibu, hakuna wa kukuharakisha, hakuna maspika yanayopiga mziki pande zote mpaka unapoteza mlango uko wapi. Lakini mimi bado naenda dukani. Maelezo ya mtandaoni yataniambia maikrowevu ina wati 800 na lita 20 na rangi ya fedha, hayaniambii kama vitufe vyake vina nundu ama ni kioo kitupu, kwa sababu hilo mwenye macho analipata kwenye picha mara moja hivyo hakuna anayehangaika kuliandika. Mimi nalipata kwa vidole, na vidole vinataka kitu chenyewe kiwe mbele yangu.

Kwa hiyo nimejiwekea sheria na siivunji: kifaa ambacho siwezi kukiwasha na kukiendesha mwenyewe pale pale dukani sikinunui, hata kiwe kizuri vipi, hata muuzaji aape kwamba utakizoea tu.

Ngoja nianze na watu, maana kabla hujafika kwenye kifaa unapita kwanza kwa mtu. Nikienda na mdogo wangu muuzaji anaongea na yeye. "Kaka, dada anatafuta nini?" Mimi niko hapo hapo, nasikia, naongea, hela ni yangu, halafu swali anaulizwa mwingine. Mdogo wangu siku hizi anajibu "muulize mwenyewe kaka, mimi nimemsindikiza" kisha anaondoka kabisa anaenda kuangalia mambo yake huko, na hapo ndo mazungumzo yanaanza upya. Hiyo ya kuondoka tulikubaliana nyumbani kabla, na namshauri kila mwenye msindikizaji afanye hivyo, akibaki amesimama karibu yako muuzaji atarudi kwake tu, wala sio roho mbaya, watu wamezoea kuongea na yule anayewaangalia.

Jambo la pili ni mikono. Muuzaji mwenye nia nzuri kabisa atakukamata kidole akibandike kwenye skrini, "hapa dada, bonyeza hapa". Inanikera kwa kweli, na pia hainisaidii, maana kidole kilichopelekwa na mtu mwingine hakijifunzi njia. Namwambia kwa upole, kaka usinishike, niambie tu kiko wapi, juu kulia au chini katikati, nitafika. Wengi wanaelewa haraka sana wakishaambiwa, na wakishaelewa wanakuwa wasaidizi wazuri kuliko nilivyotegemea, wanaanza wenyewe kukuambia "kuna tundu la chaja chini, pembeni yake kuna spika". Ukienda asubuhi mapema siku ya kazi, wateja wachache, mziki hawajaupandisha, muuzaji ana muda, unapata huduma tofauti kabisa na ile ya jioni ya mwisho wa wiki ambapo hata ukiita hakuna anayekusikia.

Sasa kioo. Hili ndo linaniumiza kuliko yote na nitalisema kirefu.

Zamani kifaa cha nyumbani kilikuwa na swichi ya kuzungusha, unashika, unasikia tiki tiki, inafika mwisho inagoma, unajua hapa ni sifuri na kule ni juu kabisa. Sasa hivi karibu kila kitu kimekuwa bapa, maikrowevu, mashine ya kufulia, jiko la umeme, hata feni, na wauzaji wanakisifia kwa ajili hiyo hiyo, eti kinafutika kirahisi. Ila bapa nazo haziko sawa na hili nimelijua kwa kushika, sijawahi kulikuta kwenye maelezo yoyote ya bidhaa. Kuna bapa ya plastiki laini ambayo ili ifanye kazi lazima uibonyeze kwa nguvu kidogo, inazama, wakati mwingine inalia "tik" kwa ndani. Hiyo haina shida sana, unaweza kupitisha vidole juu yake bila kuwasha kitu, na ukifika nyumbani unabandika vile vibandiko vyenye nundu kwenye vitufe unavyovitumia, cha kuwasha, cha kuzima, cha kuongeza dakika, basi umemaliza. Halafu kuna bapa ya kioo inayofanya kazi kwa mguso tu, hiyo ukiitafuta kwa vidole ushaiwasha, ukibandika nundu juu ya kitufe chenyewe unaweza ukakiharibia usikivu, na ukipitisha kiganja umebadilisha mipangilio mitatu kwa mpigo. Kwenye maikrowevu ni usumbufu. Kwenye jiko ni hatari, yaani unatafuta kitufe cha kuzima karibu na sehemu yenye moto na hujui kama umezima au umeongeza.

Kwa hiyo dukani naomba kifaa kichomekwe umeme. Wanasema sio lazima dada, zote zinafanya kazi. Nasema najua zinafanya kazi, nataka kusikia. Nasikiliza kama kila kitufe kina mlio wake au vyote vinalia mlio mmoja, nasikiliza kama kuna mlio tofauti ukifika mwisho wa kuongeza, kama inapozimika inalia tofauti na inapowaka. Kwenye mashine za kufulia kuna ile swichi ya kuzungusha isiyo na mwisho, inazunguka tu milele, ukiishika huwezi kujua iko wapi, lakini baadhi zina tabia nzuri kwamba ukizima na kuwasha zinaanza kwenye programu ile ile kila mara. Ikiwa hivyo naweza kuhesabu, tiki mbili kulia ni nguo za rangi, tiki nne ni haraka. Kama kila ikiwaka inakumbuka ilipoishia jana, basi hesabu yangu haina pa kuanzia na siitaki. Hili ukimuuliza muuzaji hajui, na sio kosa lake, nani amewahi kumuuliza? Inabidi mjaribu pamoja, zima, washa, zungusha, zima tena, washa tena. Na wanaposema ina programu ya simu, utaiendesha kwa simu, nawaambia sawa, niwekee hiyo programu sasa hivi kwenye simu yangu nione kama vitufe vyake vinasomeka, maana programu nyingine ukiipitia kwa kisoma skrini inakuambia "kitufe, kitufe, kitufe" bila jina hata moja, na ikiwa hivyo simu haijanisaidia chochote.

Upande wa simu hali ni nzuri zaidi na nafurahi kusema hivyo. Wale wa zamani mtakumbuka tulikuwa tunanunua Nokia za mfumo wa Symbian halafu tunatafuta kisoma skrini cha Talks kwa pesa nyingine kabisa juu ya bei ya simu. Mwaka 2009 iPhone 3GS ikaja na kisoma skrini cha VoiceOver ndani yake bila kuongeza kitu, mwaka huo huo Android nao wakaleta chao, TalkBack, na tangu hapo simu ninayoinunua mimi ni ile ile anayoinunua mtu yeyote. Ila dukani bado kuna vizingiti. Kwanza zile simu za maonyesho nyingine ni plastiki tupu, hazina kitu ndani, unashika unaona nyepesi kumbe ni sanamu, kwa hiyo uliza mapema kama ipo inayowaka. Pili zinazowaka zimefungwa na waya wa alamu, ukiivuta usogeze sikioni duka zima linapiga kelele, na sikioni ndo pekee unapoweza kuisikia kwa jinsi kulivyo na makelele. Mwombe muuzaji aizime hiyo alamu au abebe simu mwende pembeni pametulia. Tatu simu ikiwa kwenye hali ya maonyesho wakati mwingine inajirudisha yenyewe kwenye video ya matangazo kila ukitulia kidogo, na setingi nyingine zimefungwa.

Kuiwasha sauti nimeishika kichwani na nawafundisha mpaka wauzaji. iPhone mpya iliyotoka kwenye boksi, ikiwa bado iko kwenye skrini ya kwanza ya kuisetia, bonyeza kitufe cha pembeni mara tatu haraka, kama ni ya zamani yenye kitufe cha chini basi hicho mara tatu, VoiceOver inaanza kuongea. Simu nyingi za Android shikilia vitufe viwili vya sauti kwa pamoja sekunde kama 3 hivi. Ikiwa simu ya maonyesho imeshasetiwa tayari njia ya mkato inaweza isifanye kazi, hapo mwambie muuzaji aingie kwenye setingi sehemu ya ufikivu aiwashe kwa mkono, na umwahidi utaizima mwenyewe, maana wanaogopa. Nimeshasikia muuzaji anasema kwa sauti ya mshtuko "simu imeharibika, haikubali kuguswa", kumbe TalkBack imewaka na yeye hajui kwamba sasa inabidi kugusa kuchagua halafu kugonga mara mbili kufungua. Nilimwonyesha, akajaribu, akamwita mwenzake aje aone, yule mwenzake akaniuliza maswali mazuri sana kuhusu bibi yake ambaye macho yamepungua.

Ikishaongea, jaribio langu ni kutelezesha kidole kulia haraka haraka kwenye orodha ndefu ya setingi na kusikiliza kama sauti inanifuata au inabaki nyuma. Simu ya bei ya chini yenye kumbukumbu ndogo inaweza kwenda vizuri kwa mwenye macho halafu ikiwashwa kisoma skrini inaanza kukwama, unateleza, kimya, kimya, halafu inasema mambo matatu kwa pamoja. Hilo hakuna anayeweza kukuambia, lazima ulisikie. Jaribu na Kiswahili pia, sauti za Google zina Kiswahili, pakua uisikie hapo hapo kama intaneti ipo. Na alama ya kidole, mimi nataka ile iliyo kwenye kitufe cha pembeni au nyuma ambako kuna kishimo, ile iliyofichwa chini ya kioo naitafuta kila mara nikiwa na haraka na siipendi.

Laptopu nazo. Wauzaji wanaanza na skrini, inang'aa vipi, rangi ngapi, na mimi namwacha amalize maana ndo kazi yake, halafu naweka mikono kwenye kibodi. Natafuta nundu za F na J, kama ni ndogo sana sizisikii vizuri nikiwa na vidole baridi. Natafuta mishale, kuna laptopu zimeibana mishale ya juu na chini mpaka imekuwa nusu kitufe na sisi mishale ndo miguu yetu tunatembelea nayo kutwa nzima. Natafuta Home na End kama zipo zenyewe au mpaka ushikilie Fn. Natafuta kitufe cha kuwashia, nyingine wamekiweka humo humo kwenye kibodi jirani na Delete, unafuta herufi kumbe umeilaza kompyuta. Na kuanzia 2024 laptopu nyingi za Windows zimekuja na kitufe cha Copilot, yaani cha kumwita msaidizi wa akili bandia wa Microsoft, upande wa kulia, kimekaa pale palipokuwa na Ctrl ya kulia au kile kitufe cha menyu ambacho wengi wetu tunakitumia kila siku badala ya kubofya kulia kwa panya. Shift na F10 inafanya kazi ile ile kwa hiyo sio mwisho wa dunia, lakini vizuri ujue kabla hujalipa.

Kuongea: Windows ukibonyeza Ctrl na kitufe cha Windows na Enter kwa pamoja Narrator, kisoma skrini chake cha ndani, inaanza, hata kompyuta ikiwa mpya kabisa inasetiwa. Mac ni Command na F5 kuwasha VoiceOver, kwenye baadhi unaongeza Fn. NVDA, kisoma skrini cha bure cha Windows, ile aliyoianzisha Michael Curran kule Australia mwaka 2006, inaweza kukaa kwenye flashi ukaiendesha bila kuiingiza kwenye mashine, mimi flashi yake haitoki kwenye mkoba, ila maduka mengi hayakubali flashi ya mteja na nawaelewa, basi Narrator inatosha kwa kujaribu. Sikiliza mwanzo wa kila neno. Kuna kompyuta zinazima spika zikitulia ili kuokoa betri, zikitakiwa kuongea silabi ya kwanza inapotea, "funguo" inakuwa "nguo". Mwenye macho akicheza mziki hatakaa alijue hilo hata miaka kumi.

Hedifoni zisizo na waya zina tatizo hilo hilo na la pili la kuchelewa, unabonyeza kitufe na sauti inakuja baadae kidogo. Kwa filamu simu inarekebisha yenyewe, kwa kisoma skrini kuchelewa huko kunakuchosha mpaka unavua. Ziunganishe na simu yako hapo dukani, teleza kwenye orodha, amua. Na uliza kama zinasema zenyewe "imewaka" au "betri ndogo" au zina kijitaa tu, maana kuna spika na betri za kubeba ambazo habari yote ziko nayo kwenye taa, kijani imejaa, nyekundu imeisha, mimi nitajuaje? Nje barabarani natumia zile zinazopitisha sauti kwenye mfupa wa shavu, masikio yanabaki wazi nasikia magari na fimbo yangu inavyogonga.

Televisheni nitapita haraka. Nyingi mpya zina sauti ya kusoma menyu, kwa mfano zenye mfumo wa Roku unabonyeza kitufe cha nyota kwenye rimoti mara nne haraka, zenye Fire TV ya Amazon unashikilia kitufe cha kurudi na cha menyu pamoja sekunde 2. Lugha zake ni chache na programu nyingine ukiingia ndani sauti inakata, kwa hiyo fungua ile unayoangalia kila siku ujaribu. Rimoti ishike, hesabu vitufe, ile yenye vitufe vichache vilivyotofautiana umbo ndo yangu.

Wakati wa kulipa napo kuwa makini. Mashine ya kadi yenye vitufe halisi ina nundu kwenye 5 na mimi najitosheleza. Zikaja zenye kioo kitupu, namba hazishikiki, na keshia anakuambia nitajie tu namba ya siri nikuandikie. Hapana. Sijawahi na sitataja, nalipa kwa simu kwa alama ya kidole au nalipa taslimu. Risiti naisoma kwa Seeing AI, programu ya simu inayosoma maandishi kwa kamera, kabla sijatoka kaunta, au nampigia mtu wa kujitolea kupitia Be My Eyes anaiona kwa kamera, nahakikisha jina la modeli ni lile nililojaribu maana modeli mbili zinatofautiana herufi moja na moja ina vitufe na nyingine ina kioo. Kwenye simu piga *#06#, isikilize IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo, ilinganishe na ya kwenye boksi. Hizi programu za kamera zinasaidia sana ila kwenye rafu usiziamini bei, zinaweza kukusomea kibandiko cha bidhaa ya jirani.

Sheria zinasogea. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006 ibara yake ya 9 inataja teknolojia ya habari na mawasiliano waziwazi, Marekani sheria yao ya 2010 ndo iliyowafanya watengenezaji waweke sauti kwenye menyu za televisheni, na Ulaya tangu tarehe 28 Juni 2025 simu, kompyuta, televisheni janja na mashine za malipo zinazoingizwa sokoni lazima ziweze kutumiwa na watu wenye ulemavu. Kwa kuwa viwanda havitengenezi simu ya Ulaya peke yake na sisi wengine tunafaidika. Ila ukiangalia orodha hiyo ya Ulaya, maikrowevu haimo, jiko halimo, mashine ya kufulia haimo. Vitu vyenye moto na maji ndo vimeachwa, na ndivyo vinavyoongezeka vioo kila mwaka.

Jiko la sasa nililonalo lina swichi nne za kuzungusha na nimelifanyia matengenezo kuliko kulibadilisha. Mashine ya kufulia bado natafuta. Nimepita maduka kadhaa, zipo zenye swichi isiyo na mwisho na zinazokumbuka ilipoishia, zipo za kioo kitupu, na kuna moja ilikaribia, kila ikiwaka inaanza kwenye pamba nyuzi 40, ila kitufe cha kuanza ni cha mguso na hakina mlio. Muuzaji wa duka lile aliandika mwenyewe kwenye daftari lake kile ninachotaka: ianze sehemu moja kila mara, iwe na mlio, kitufe kishikike. Akasema mzigo mpya ukiingia atazichomeka umeme azijaribu moja moja kabla hajanipigia.